Mkeka Nje ya Mlango

Salma mwanangu,

Barua hii nimeiweka juu kabisa ya nguo zako, juu ya ile kanga ya bibi yako, kwa makusudi. Usifunge begi kabla hujaisoma. Wala usiseme utaisoma njiani, maana ukishaona kilichomo utaelewa kwamba njiani ni kuchelewa. Saa hizi ni alasiri. Wewe uko Rangi Tatu unasukwa, baba yako yuko karakanani anapiga randa mlango wa watu, na mimi nimekaa kitandani kwako na daftari lako la zamani la fizikia, lile lenye kurasa nyingi tupu mwishoni. Nadhani fizikia haikukupendeza sana.

Sitakuandikia habari za chandarua wala kuchemsha maji ya kunywa. Wewe ni muuguzi, ungenicheka. Wala sitakuambia uswali, uwahi kazini, usile kwa watu usiowajua. Hayo ulishayasikia mpaka masikio yakaota sugu. Nina jambo moja tu. Nimelibeba tangu Jumamosi, leo ni Jumatano, na bado nikilifikiria kalamu inaruka mistari. Utaniwia radhi kwa mwandiko.

Nianze na lililo baya kuliko yote, halafu nikueleze. Idrisa anajua kwamba unaondoka kesho. Anajua basi, anajua saa, anajua hata namba ya kiti chako. Aliyemwambia ni mimi.

Soma tena kama hujaamini. Mimi mwenyewe nimeiandika sentensi hiyo nikaiangalia kama imeandikwa na mtu mwingine. Njia nyingine ya kusafiri ipo, imeshaandaliwa, nitakueleza huko mbele na uamuzi utakuwa wako. Lakini kwanza nataka ujue mama yako mzazi, ambaye hajawahi kukupiga hata kofi, alifikaje mahali pa kufanya kitu kama hicho huku akitabasamu.

Unakifahamu Kitabu cha Akida kwa sababu umekua ukikisikia. Ulipokuwa mdogo nilikuwa nikikusuka nakusimulia vipande vyake. Hukuwahi kukisoma, na kumbe hata mimi sijawahi kukisoma.

Nilikuwa na miaka ishirini, nafanya kazi kiwanda cha nguo, tunalala bweni la wasichana wa kiwanda, wanane chumba kimoja. Kitabu kilikuwa kimoja tu, hakina jalada, na waliokitaka tulikuwa zaidi ya ishirini. Kumngoja mtu amalize kurasa mia tatu ilikuwa mateso, hasa wale wanaosoma huku wakifuata mstari kwa kidole. Basi tukakichana. Tulikibandua kwenye gundi taratibu, tukakigawa vipande sita, na kila kipande tukakishona kwa uzi wa kiwandani wenye rangi yake: mwekundu, kijani, njano, bluu, mweusi, mweupe. Ukimaliza njano unamtafuta mwenye bluu. Vipande vilizunguka bweni zima, vikavuka mpaka zamu ya pili, vingine vilisomewa chooni ili msimamizi asituone. Hivyo ndivyo tulivyosoma vitabu, mwanangu. Tulikuwa tukiviona vya watu wote.

Hadithi yenyewe ni ya enzi za Wajerumani. Zuhura ni binti wa jumbe, mzuri na mkaidi. Akida Nasoro anamwona kisimani, anamposa, Zuhura anakataa. Anamposa tena, anakataa tena. Kipande cha uzi wa njano kinaishia pale akida anapomvizia njiani, anampandisha punda, anampeleka Pangani kwenye nyumba ya mawe, anamtia chumba cha juu na kufunga mlango. Kinachofuata ni cha bluu, na cha bluu kilipotea.

Aliyekipoteza ni Rehema, huyu huyu Bi Rehema wa Mtoni ambaye kila Jumamosi tunakaa barazani kwake kuzungumza vitabu. Yeye ndiye aliyekuwa msomaji wa haraka kuliko sote, kwa hiyo kila kipande kilipita kwake kwanza. Akaja siku moja akasema ameusahau uzi wa bluu kwenye benchi la kituo cha basi. Tulitaka kumla mbichi. Akatutuliza, akasema, "Msijali, mie nimeshasoma, nitawahadithia."

Akatuhadithia. Akida alipofunga ule mlango, aliusukuma ufunguo kwa chini, ukaingia ndani kwa Zuhura. Akamwambia, mlango ni wako, utaufungua ukitaka. Kisha akatandika mkeka nje ya mlango akalala hapo, usiku wa kwanza, wa pili, mpaka usiku wa arobaini. Mvua ikinyesha anajikunja, mbu wanamla, na hasogei. Asubuhi ya siku ya arobaini na moja Zuhura akafungua mwenyewe. Bweni zima tulilia. Kuna msichana alisahau zamu yake siku hiyo.

Tangu hapo mkeka ukawa ndio mzani wetu. Msichana akisema amepata mchumba tunamwuliza, "Huyo wako analala mkekani?" Tulimaanisha, anavumilia? Anang'ang'ana? Ukimfukuza anarudi? Hatukutofautisha hayo. Kwetu yalikuwa kitu kimoja, na mimi nimetembea na mzani huo miaka yote hii, nimewapimia wanaume wa watu, nikampimia na baba yako.

Baba yako alikuja kiwandani kutengeneza milango ya stoo. Akanipenda, akawa ananingoja getini jioni. Siku moja wenzangu wanatazama nikaona haya, nikamwambia nenda kwenu, sitaki kukuona hapa. Akaenda. Salma, mwanaume yule alikwenda kweli. Wiki ya kwanza hakuonekana, wiki ya pili hakuonekana, na mimi nikawa natoka getini nageuza shingo huku na huku. Ilibidi nimwandikie kikaratasi nimpe mlinzi ndipo akarudi. Nilimwoa, nacheka lakini ni kweli, mimi ndiye niliyemwoa, na nikakaa na kinyongo kwamba hakuning'ang'ania.

Wewe ukiwa na miaka mitatu nilimjaribu. Niligombana naye juu ya jambo ambalo hata silikumbuki, nikakubeba tukaenda kwa shangazi Kisarawe, nikakaa nangoja anifuate. Nilitaka aje avunje mlango wa shangazi. Alinitumia salamu kwa jirani: "Mwambie akiwa tayari nipo." Nilikaa wiki tatu nimevimba. Nilirudi kwa sababu wewe ulikuwa unamlilia. Na kwa miaka mingi kwenye baraza la Bi Rehema nimemsema baba yako kwamba ni mtu baridi, hana moto. Aibu ninayoisikia leo nikiandika haya sijui niipeleke wapi.

Sasa Idrisa.

Alikuja kwa adabu, sikatai. Shikamoo yake ndefu, Ramadhani akaleta tende na mafuta, geti likilegea analirekebisha. Ukamkataa kwa upole. Akarudi. Ukamkataa kwa ukali. Akaanza kukungoja nje ya hospitali, ukitoka zamu ya asubuhi yupo, ukitoka ya usiku yupo. Ukanilalamikia, na mimi nikafurahi. Moyoni nilisema, mwanangu kapata alichonikosesha baba yake.

Halafu ikaja ile siku. Alikudanganya kwamba nimeanguka, nimelazwa, panda gari haraka. Akapita nyumbani bila kusimama, Vikindu, mpaka Mkuranga, milango imefungwa, simu yako ameiweka kwenye mfuko wa shati. Saa tano nzima anakuambia sema unanipenda nikurudishe. Mpaka ukasema. Ulipoingia ndani umeshika viatu mkononi, ukanieleza yote, na mimi nikacheka. Unakumbuka nilivyosema. Nilisema, "Kumbe anakupenda kiasi hicho."

Uliniomba twende polisi, kwenye lile dawati la akina mama. Nikakuambia utaniaibisha mtaani, hajakugusa, umerudi mzima. Uliniangalia muda mrefu. Tangu siku hiyo hukuniambia tena jambo lako lolote, na mimi badala ya kujiuliza nikanuna. Miezi mitatu tumekaa nyumba moja tunaambizana habari za chumvi na maji tu. Ukaomba kazi mbali. Ulipopangiwa Kigoma sikukupa hata hongera.

Jumamosi iliyofuata baada ya Mkuranga niliwahadithia wenzangu barazani, na nilihadithia kwa madaha. Wakapiga vigelegele. Mama Chande akasema, "Akida kafufuka, safari hii ana gari." Ni Bi Rehema peke yake aliyenyamaza. Aliinuka akasema anaangalia chai, akakaa huko jikoni mpaka nikaona amekosa adabu.

Ijumaa iliyopita Idrisa akanipigia. "Shikamoo mama. Nimesikia Salma anasafiri. Nataka nimfanyie sapraizi pale stendi, nimuage vizuri. Ikiwezekana nikate na kiti cha karibu nimsindikize." Tiketi yako ilikuwa juu ya kabati. Nikaishusha, nikavaa miwani, nikamsomea. Na sikuishia hapo. Kwenye kipande cha mwisho, cha uzi mweupe, Zuhura anatoroka na msafara wa bara, bweni tulisema anamjaribu tu, na akida anamfuata mpaka Ujiji. Wewe unakwenda Kigoma, na Ujiji iko pale pale. Nikaona ni kudra. Nikamwambia, "Mfuate mwanangu. Hata wa zamani walifuatana mpaka huko huko." Nikakata simu nikaenda kupika, naimba.

Kesho yake ndiyo Jumamosi.

Unamfahamu Mwalimu Yustina, yule mama wa Bukoba aliyestaafu kufundisha, ambaye ana miaka miwili tu kwenye baraza letu. Alifika ameficha kitu kwenye kikapu. Kumbe alikuwa amepita kwenye vitabu vya mitumba pale mjini, vile vinavyotandazwa chini, akakiokota. Kitabu cha Akida, kizima, kina jalada lake. Tulipiga kelele mpaka majirani wakachungulia. Kwa mara ya kwanza katika maisha yangu nikaliona jalada. Mwanaume wa kilemba, mwanamke wa nywele zilizotimka, na yule mwanaume amemshika. Mama Chande akasema, "Oneni alivyomshika mkono kwa mahaba." Nikavaa miwani. Alikuwa amemshika kifundo cha mkono, na vidole vya Zuhura vimekunjuka kama vya mtu anayevutwa.

Yustina akauliza tuanzie wapi. Wote kwa sauti moja tukasema, "Kwenye bluu."

Akasoma kwa sauti yake ya darasani, kila neno linasimama peke yake. Akida akafunga mlango. Akautia ufunguo mfukoni.

Mama Chande akamkatiza. "Hapo umeruka mstari, mwalimu."

"Sijaruka."

"Ufunguo anausukuma chini ya mlango."

"Hapa ameutia mfukoni. Niendelee?"

Akaendelea. Mkeka haukuwepo. Hapakuwa na usiku wa arobaini wala wa pili, ilikuwa usiku ule ule wa kwanza. Sitakuandikia kilichoandikwa, lakini kimeandikwa kwa kirefu, na kwa maneno ya maua. Zuhura analia mpaka sauti inakauka, na mwandishi anatuambia hicho ni kilio cha haya ya mwanamwali. Anamng'ata akida mkono, na mwandishi anasema akida alitabasamu kwa kuona ana moto. Kurasa mbili mbele, asubuhi, anamchotea maji ya kuoga. Kufikia usiku wa kumi, neno lenyewe nimeliona kwa macho yangu, nilimnyang'anya Yustina kitabu nikaliangalia: "amezoea."

Sijui nikuelezeeje baraza lile. Mtu alikuwa ameshika kipande cha muhogo, hakukitia mdomoni wala hakukirudisha. Mama Chande akawa anarudia, "Siyo chenyewe hiki, kimechapwa na watu wengine, siyo chenyewe."

Yustina akavua miwani, akatuangalia mmoja mmoja. "Mie hiki kitabu nilikisoma kizima nikiwa chuo cha ualimu," akasema. "Nilipokuja hapa nikasikia mnavyokisifia, nikadhani mnakipenda hivi hivi kilivyo. Miaka miwili nawashangaa kimoyomoyo. Nilisema labda wanawake wa huku ndivyo walivyo."

Ndipo Bi Rehema akasema, sauti ya chini sana, "Ndicho chenyewe. Cha bluu sikukipoteza mie. Nilikitia kwenye jiko la mkaa pale bweni, uzi wake na kila kitu."

"Na mkeka je?" nikamwuliza.

"Hakuna mkeka, Zainabu. Mkeka nilitunga mie."

"Kwa nini lakini, Rehema?"

Akawa anakunja na kukunjua pindo la kanga. "Nyie mlikuwa mnaningoja mlangoni na macho yamewatoka. Alifanyaje? Alifanyaje? Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Nilitaka awe alilala nje."

Kisha akanigeukia mimi, mbele ya wote. "Siku ile ulipotuhadithia mambo ya Salma na gari la Mkuranga, nilitaka kusema nikashindwa. Nikaenda kujificha jikoni. Mtoto wako alikuja nyumbani kukuambia ukurasa ule ule niliouchoma mie, na sie tukampigia vigelegele."

Salma, nimezaa watoto wawili nikamzika mmoja, nimeona mambo. Sijawahi kushtuka namna ile. Nilifika nyumbani Mbagala sikumbuki nimepita wapi. Nilikaa uani nikaanza kukukumbuka umeshika viatu mkononi. Miezi mitatu nilikuwa nakiangalia kitu kile nakiona hadithi, na ghafla nikakiona kilivyo. Nikamwona mtu ameweka simu ya mwanangu mfukoni. Na nikakumbuka kwamba jana yake tu nimemsomea namba ya kiti.

Ungeuliza, basi kwa nini hukuniambia Jumamosi ile ile? Kwa sababu niliogopa uso wako. Ukipita na beseni nasema sasa, ukirudi nasema baadaye. Nimekuwa mwoga mbele ya binti niliyemnyonyesha. Sina kisingizio kingine.

Jana asubuhi nilikwenda karakanani nikamwambia baba yako yote, kuanzia uzi wa bluu mpaka tiketi. Mkuranga alikuwa haijui, nilimficha. Aliweka randa chini. Akapangusa vumbi la mbao mikononi. Alipofungua mdomo akasema, "Mie uliniambia niende, nikaenda. Ulidhani ilikuwa rahisi? Nilikuwa nakaa pale kwenye kona ya duka la mafuta ya taa, nakuangalia unavyotoka, halafu narudi nyumbani."

Miaka thelathini nimeishi na mtu huyu sikujua habari za ile kona. Halafu akauliza, "Salma ameshajua?" Nikasema bado. Akasema, "Sasa unangoja nini?" Akavaa shati, akatoka, akarudi na tiketi za treni.

Kwa hiyo hivi ndivyo ilivyo, na ni juu yako kukubali au kukataa. Kuna treni kesho, inaondoka mapema. Baba yako atakwenda nawe mpaka Dodoma, na kutoka hapo atapanda nawe basi mpaka Kigoma, umwone akigeuza kurudi ndipo uendelee na mambo yako. Tiketi zenu ziko kwenye mfuko wa koti lake. Kama hutaki treni, kama unataka kuahirisha, kama unataka kwenda kwa rafiki yako ambaye mimi simjui, sema na baba yako. Mimi usiniambie.

Kwenye lile basi kiti chako hakitakaa tupu. Nitakikalia mimi. Bi Rehema, Mwalimu Yustina na Mama Chande watakuwa pembeni yangu, tumekubaliana tukutane stendi Mbezi alfajiri. Idrisa akija na sapraizi yake atatukuta sie wanawake wanne wa makamo. Sina hotuba ya kumpa. Nitamwambia mbele ya abiria kwamba mwanangu alisema hapana, kwamba mimi ndiye niliyemfundisha aiite hapana hiyo mchezo, na kwamba nilikosea. Askari wa stendi wako hatua chache, na Yustina amesema atawaendea yeye mwenyewe kwa sauti ile ile ya darasani.

Na lile dawati ulilotaka twende, ukisema twende hata mwakani, nitakwenda. Nitaeleza ulivyorudi, saa uliyorudi, viatu mkononi. Nitaeleza na mimi nilivyocheka. Waandike.

Ningependa nikupe hekima ya safari kama mama wengine, lakini wewe ndiye uliyeona sawasawa tangu mwanzo bila kitabu. Nina swali moja tu ambalo nimelipata nimeshazeeka, na nakuachia ulitumie upendavyo. Mtu akikuhadithia mapenzi, hata kwa maneno matamu namna gani, mwulize ufunguo ulikuwa kwa nani. Mimi sikuuliza. Nililia machozi kwa ajili ya mkeka ambao haukuwepo, na yule aliyenitandikia mkeka wa kweli nikamwita baridi.

Jambo la mwisho. Jana nilipokuwa nahesabu yote niliyomwambia Idrisa, nilianza kujiuliza kama nimemtajia na kituo chako cha kazi, hospitali gani, wilaya gani. Nikagundua sikumtajia, kwa sababu sikijui. Nilikununia, sikukuuliza. Kiburi changu ndicho kilichobakisha mlango mmoja umefungwa. Sijui nicheke au nilie.

Basi kiache hivyo hivyo. Kituo chako usinitajie, hata nikikuomba, hata nikilia kwenye simu. Baba yako atakijua na yeye anajua kunyamaza. Namba yangu unayo. Sitakupigia mimi kwanza. Kila Jumamosi nikitoka Mtoni nitakaa uani na simu pajani, na usipopiga nitaingia ndani nilale, nirudi Jumamosi nyingine, hata zikifika arobaini na zaidi.

Ufunguo uko kwako, upande wa ndani. Mimi niko huku nje, mwanangu, na safari hii mkeka upo kweli.

Mama yako,
Zainabu